Nani Aliyesema? Urejeleaji wa Vyeti vya Majimbo ya Marekani katika Programu za Nasaba

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda likaonekana kuwa mbali na idara ya Kiswahili: namna ya kurejelea vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo vinavyotolewa na majimbo ya Marekani, pale ambapo mtafiti anatumia programu ya tarakilishi kuipanga nasaba. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi linganishi anayemtafiti mwandishi Mmarekani mweusi hukutana na vyeti hivi mapema kuliko anavyotarajia. Wasifu hauandikiki bila tarehe, na kila tarehe ina mtu aliyeitaja. Aidha, zipo familia nyingi za Kenya ambazo wajukuu wao wamezaliwa Texas au Minnesota, na anayetaka kuwaingiza wajukuu hao katika nasaba ya ukoo atalazimika kukitaja cheti cha jimbo.

Programu za nasaba, kama vile RootsMagic, Family Tree Maker na Gramps (hii ya mwisho haina malipo), humpa mtumiaji kisanduku cha kuandikia chanzo cha kila habari. Wengi hukiacha kitupu. Wengine huandika "cheti cha kifo" na kuendelea. Tunadai kwamba wa pili hana nafuu kubwa kuliko wa kwanza, kwa sababu cheti kimoja si ushahidi mmoja. Ni karatasi ambayo juu yake watu kadhaa wamesema, kila mmoja kwa kiasi cha ujuzi wake, na rejeo lisilomtaja msemaji linamnyima msomaji haki ya kupima.

Jimbo, si taifa

Jambo la kwanza ambalo humchanganya mtafiti kutoka Afrika Mashariki ni kwamba Marekani haina daftari moja la kitaifa la vizazi na vifo. Sisi tumezoea sheria moja, Sura ya 149 ya Sheria za Kenya, na mamlaka moja ya usajili yenye matawi wilayani. Kule, usajili ni kazi ya majimbo, na kila jimbo lilianza kwa wakati wake. Massachusetts ilitangulia mwanzoni mwa miaka ya 1840. Virginia ilianza mwaka wa 1853, ikaacha mwaka wa 1896, kisha ikarejea mwaka wa 1912. Texas ilianza 1903, Alabama 1908, Carolina Kusini 1915, Georgia 1919. Serikali kuu ilipoanzisha mwaka wa 1915 eneo maalumu la kukusanyia takwimu za vizazi, ni majimbo kumi tu pamoja na mji mkuu yaliyokuwa na usajili uliofikia kiwango. Majimbo yote ya wakati huo yalikamilika mwaka wa 1933.

Kwa hivyo rejeo lolote halina budi kuanza na jina la jimbo. Hata hilo halitoshi kila mahali. Jiji la New York huweka vyeti vyake mbali na vya Jimbo la New York, na anayeandika "New York" pekee humwacha msomaji njia panda. Isitoshe, kabla ya jimbo kuanza, huenda kaunti au mji ulikuwa na daftari lake, na daftari hilo si kitu kimoja na cheti cha jimbo. Daftari la kaunti lina mstari mmoja kwa kila mtu. Cheti kina karatasi nzima. Anayesoma rejeo anapaswa kujua ni kipi kati ya hivyo ulichokiona.

Chanzo, rejeo, hifadhi

Hapa panahitajika istilahi, maana programu zenyewe zimeandikwa kwa lugha nyingine na tafsiri zake zinayumba. Tunapendekeza maneno matatu. Chanzo ni mkusanyiko au hati inayotumika, mathalani vyeti vya vifo vya jimbo la Missouri. Rejeo ni kauli inayotaja mahali mahususi ndani ya chanzo: nambari ya cheti, mwaka, jina. Hifadhi ni taasisi inayokiweka chanzo hicho, iwe ni idara ya afya ya jimbo, nyumba ya nyaraka au tovuti. Programu nyingi huvitenga vitu hivi vitatu katika visanduku vitatu, na anayevichanganya hujikuta na vyanzo mia tatu ambavyo kwa kweli ni kimoja, au chanzo kimoja ambacho hakimwelekezi mtu popote.

Wanafunzi wa Kiswahili tuna mazoea yanayotusaidia hapa. Anayenukuu ubeti wa Muyaka bin Haji hakuusikia kwa Muyaka. Mashairi hayo yalikusanywa Mombasa na Mwalimu Sikujua kwa ajili ya W. E. Taylor, yakahaririwa na William Hichens katika diwani ya mwaka wa 1940, kisha Mohamed H. Abdulaziz akayachambua katika kitabu cha mwaka wa 1979. Mhakiki makini husema ni toleo lipi alilolishika. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walikwenda mbali zaidi: waliidai isnadi, yaani msururu wa wapokezi, na wakampima kila mpokezi peke yake. Rejeo la cheti cha jimbo ni isnadi fupi. Tofauti ni kwamba msururu wake huishia katika picha iliyo kwenye kioo cha tarakilishi, na wengi husahau kwamba picha nayo ni kiungo.

Kushika nini, kuandika nini

Tuseme mtafiti amepata cheti cha kifo cha mwaka wa 1921 katika tovuti ya nyaraka za Missouri. Jimbo hilo limeweka bure mtandaoni picha za vyeti vya vifo tangu mwaka wa 1910, mradi vimetimiza zaidi ya miaka 50, na kwa sababu hiyo ni mahali pazuri pa kujifunzia. Rejeo lake laweza kusomeka hivi:

Missouri, cheti cha kifo nambari (nambari kama ilivyo juu ya karatasi), mwaka 1921, (jina la marehemu kama lilivyoandikwa), kaunti ya (jina). Picha ya cheti halisi, Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo la Missouri, tovuti ya Missouri Digital Heritage, imesomwa (tarehe). Mtoa habari: (jina na uhusiano wake na marehemu, kama vimetajwa).

Maneno "picha ya cheti halisi" yana kazi. Mtafiti mwingine huenda hakuona picha bali faharasa tu, yaani orodha ya majina iliyochapwa na mtu aliyesoma mwandiko wa mwingine. Faharasa hukosea majina, na haina mtoa habari. Mwingine ana nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, ambayo wakati mwingine ni karatasi mpya iliyochapwa upya na karani kutoka katika daftari, wala si picha ya hati ya kwanza. Zote tatu huitwa "cheti" kwa mazungumzo ya kawaida. Katika rejeo haziwezi kuitwa kitu kimoja. Elizabeth Shown Mills, ambaye kitabu chake Evidence Explained kilitoka mara ya kwanza mwaka wa 2007 na ambacho ndicho mwongozo unaotegemewa zaidi katika uwanja huu, anasisitiza jambo hili: taja kile ulichokitumia, si kile ambacho kilitokana nacho.

Tarehe ya kusoma nayo isipuuzwe. Tovuti huhama. Maikrofilamu zilizokuwa zikiazimwa na FamilySearch duniani kote zilisitishwa mwaka wa 2017, lakini nambari za filamu hizo bado humfikisha mtu kwenye picha zilezile zikiwa katika umbo la kidijitali. Mtafiti wa zamani aliyejisumbua kuandika nambari ya filamu amewaokoa waliomfuata. Aliyeandika anwani ya tovuti peke yake, mara nyingi hakuwaachia chochote.

Mashahidi watatu katika karatasi moja

Tukitazame cheti cha kifo cha mwanzo wa karne ya 20 kwa undani, maana hapa ndipo penye kiini. Upande mmoja una habari za mtu binafsi: jina, umri, mahali alipozaliwa, jina la baba na la mama. Chini yake pana jina la mtoa habari. Upande wa pili una kauli ya daktari: alimtibu marehemu tangu lini, alimwona hai mara ya mwisho lini, alifariki kwa maradhi gani. Kisha yupo mzishi, anayetaja makaburi na siku ya maziko, na msajili anayetia tarehe ya kupokea hati.

Daktari anaijua siku ya kifo. Mzishi anajua kaburi. Lakini ni nani anayejua jina la nyanya aliyemzaa marehemu miaka 70 iliyopita katika jimbo jingine? Ni mtoa habari, naye huenda ni mkwe, jirani, mwenye nyumba, au karani wa hospitali aliyeinakili fomu nyingine. Msomaji wa Kenya analijua jambo hili bila kufunzwa. Naibu wa chifu anayejaza fomu ya kifo kilichotokea nyumbani hamwulizi marehemu; anamwuliza aliyefika.

Kwa hivyo cheti kimoja kirejelewe mara mbili au tatu katika programu: mara moja chini ya tukio la kifo, mara nyingine chini ya kuzaliwa, na mara nyingine chini ya uzazi. Programu zinazofuata mfumo wa GEDCOM huruhusu kila rejeo kupewa daraja la kuaminika kuanzia 0 hadi 3. Daraja la 3 ni la ushahidi wa moja kwa moja na wa asili. La 2 ni la habari iliyoandikwa rasmi baada ya tukio kupita. La 1 ni la shaka. La 0 ni la kukisia. Kosa la kawaida ni kukipa cheti chote daraja la 3 kwa kuwa kina muhuri wa serikali. Muhuri unathibitisha kwamba karatasi ilipokewa ofisini, basi. Cheti hichohicho kinaweza kustahili 3 kwa siku ya kifo, 2 kwa umri, na 1 kwa jina la mama.

Hili si suala la unadhifu tu. Sensa ya Marekani ya mwaka wa 1870 ndiyo ya kwanza kuwaorodhesha kwa majina watu wote waliokuwa wametoka utumwani. Katika sensa za 1850 na 1860, majedwali ya watumwa yalitaja umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana. Mtu aliyezaliwa utumwani na kufa, mathalani, mwaka wa 1921, cheti chake cha kifo huenda ndicho karatasi pekee duniani inayotaja jina la mama yake. Jina hilo limetoka kinywani mwa mtoa habari. Ikiwa mtoa habari ni binti aliyelelewa na nyanya huyo, tuna kitu cha thamani kubwa. Ikiwa ni mwenye nyumba ya kupanga, tuna tetesi. Anayeandika "cheti cha kifo, Missouri" na kunyamaza amezifanya hali hizi mbili kuwa moja, na wazao watakaosoma faili yake hawatajua kama wanamtamka bibi yao au mtu asiyewahusu.

Mwandishi mwenye miaka miwili ya kuzaliwa

Mfano wa Zora Neale Hurston unafaa kwa wanafasihi. Katika tawasifu yake ya mwaka wa 1942 alijieleza kuwa mzaliwa wa Eatonville, Florida, na kwa muda mrefu mwaka wa 1901 ulitajwa kuwa wa kuzaliwa kwake. Jiwe ambalo Alice Walker aliliweka mwaka wa 1973 kwenye kaburi lake kule Fort Pierce lina mwaka huo wa 1901. Leo inakubalika kwamba alizaliwa Januari 1891 mjini Notasulga, Alabama. Sensa ya mwaka wa 1900 inamwonyesha mtoto wa Januari 1891, na hawezi kuhesabiwa katika sensa ya 1900 mtu ambaye hajazaliwa. Miaka kumi aliipunguza mwenyewe. Mwaka wa 1917 huko Baltimore alihitaji kuonekana kijana ili asome bila malipo.

Je, cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Hakiwezi kutarajiwa kwa jimbo. Alabama ilianza usajili wa jimbo zima mwaka wa 1908, miaka 17 baadaye. Mtafiti asiyeijua tarehe hiyo anaweza kuandika katika programu "cheti hakikupatikana", kauli inayodokeza kwamba kipo mahali na kimepotea. Rejeo sahihi la ukosefu husema: usajili wa jimbo haukuwa umeanza. Nacho cheti cha kifo cha Florida cha Januari 1960 ni ushahidi imara wa kifo, ilhali lolote linalohusu kuzaliwa ndani ya cheti cha aina hiyo limesimama miaka 69 mbali na tukio.

Hapa programu inatusaidia kuliko daftari la karatasi. Inaruhusu matukio mawili ya kuzaliwa kwa mtu mmoja, kila moja na rejeo lake, na moja likiteuliwa kuwa la kutangulizwa. Usiufute mwaka wa 1901. Uache pale pamoja na chanzo chake, maana kwa mhakiki wa tawasifu, uongo wa mwandishi juu ya umri wake ni habari yenye uzito sawa na ukweli.

Nyuma ya karatasi

Hadi hapa tumemshuku mtoa habari. Lakini kuna jimbo ambalo msajili mwenyewe ndiye wa kushukiwa. Daktari Walter Plecker aliongoza ofisi ya usajili ya Virginia tangu 1912 hadi 1946. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka wa 1924 kuhusu usafi wa rangi iliwagawa watu, kwa sehemu kubwa, katika mafungu mawili: weupe na wa rangi. Plecker aliamini kwamba hapakuwa tena na Wahindi Wekundu halisi Virginia, na kwamba waliojiita hivyo walikuwa weusi wanaojificha. Aliwaagiza makarani na wakunga wasiwaandike kama Wahindi, akasambaza mwaka wa 1943 orodha ya majina ya koo za kushukiwa kaunti kwa kaunti, na akatia maonyo nyuma ya vyeti yaliyopinga kile kilichoandikwa mbele.

Mtafiti anayetumia cheti cha Virginia cha kipindi hicho, kwa hiyo, ana wajibu wa kuuliza: nimeiona pande zote mbili za karatasi? Picha nyingi huonyesha mbele tu. Kama hukuona nyuma, liseme hilo katika rejeo. Kama uliiona, nakili maneno yake kama yalivyo ukayatie alama za kunukuu, kisha uandike kwamba yaliongezwa na ofisi. Vilevile, neno la rangi lililo katika cheti lisiingizwe kwenye kisanduku cha sifa za mtu kana kwamba ni sifa yake. Liingizwe kama kauli ya ofisi, ya mwaka fulani, chini ya sheria fulani. Kwa maoni yetu hapa ndipo programu nyingi zinapomponza mtumiaji: zinakitoa kisanduku, naye anakijaza.

Madhara ya karatasi hizo hayakuishia kwenye karatasi. Jamii za asili za Virginia zilipotafuta kutambuliwa na serikali kuu, zilidaiwa ushahidi wa mfululizo wa vizazi ambao ofisi ya jimbo ilikuwa imeuvuruga. Sita kati yake zilitambuliwa kwa sheria ya Bunge la Marekani mwezi Januari 2018. Sheria ya ndoa iliyotokana na ubaguzi huo ilikuwa imekwisha kuvunjwa na Mahakama ya Juu mwaka wa 1967 katika kesi ya Loving.

Vyeti vya kuchelewa na vya kurekebishwa

Aina mbili zaidi zahitaji kutajwa kwa ufupi. Baada ya sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, na tena wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambapo viwanda vya silaha vilidai uthibitisho wa uraia, watu wazima wengi waliomba vyeti vya kuzaliwa vya kuchelewa. Cheti cha namna hii kwa kawaida hutaja ushahidi ulioletwa: Biblia ya familia, rekodi ya shule, kiapo cha mzee. Rejeo liutaje ushahidi huo pia. Nacho cheti cha mtoto aliyeasiliwa hutolewa upya kwa majina ya wazazi walezi, huku cha kwanza kikifungwa. Hakina alama ya kuonyesha kwamba kimebadilishwa, ila mara nyingine pengo kati ya tarehe ya kuzaliwa na ya kusajiliwa hudokeza. Baadhi ya majimbo yamewafungulia wahusika vyeti vya asili, mathalani Oregon na Alabama mwaka wa 2000, na New York mwaka wa 2020.

Kuhamisha faili

GEDCOM, tuliyoitaja, ni mfumo wa kuhamishia data za nasaba kati ya programu. Ulibuniwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho mwaka wa 1984. Toleo la 5.5.1, ambalo programu nyingi bado hulitumia, ni la mwaka wa 1999, na toleo la 7.0 lilitoka mwaka wa 2021. Programu za kisasa hutoa violezo vizuri vya marejeo, chenye kisanduku cha nambari, cha kaunti, cha mtoa habari. Uzuri huo ni wa ndani ya nyumba. Faili inapohamishwa, kiolezo huvunjwa na vipande vyake husukumwa katika visanduku vichache vya mfumo wa pamoja, na lile lisilo na mahali hutupwa au hugeuzwa kuwa maelezo ya ziada yasiyoonekana.

Kwa sababu hiyo tunapendelea mtindo mkavu: chanzo kimoja kwa kila jimbo na aina ya cheti, na mengine yote, pamoja na mtoa habari, yaandikwe kama sentensi moja katika kisanduku cha mahali ndani ya chanzo. Katika toleo la 5.5.1 kisanduku hicho kinapokea herufi 248, ambazo zatosha kwa anayeandika kwa ufupi. Ziada, kama vile maneno ya nyuma ya cheti, iende katika kisanduku cha matini ya chanzo. Kisha ufanye jaribio: hamisha faili yenye watu watano tu, uifungue katika programu nyingine, Gramps ikiwezekana, na umtafute mtoa habari. Asipoonekana pale, rudi ulikomwandika umhamishe kabla hujafikia mtu wa mia tano.